Alama Nazo Hupimwa

Muuguzi hubonyeza ukucha wa mtoto mpaka uwe mweupe, huachia, kisha huhesabu. Wekundu ukichelewa kurudi kwa sekunde mbili, tatu, huenda damu haizunguki vizuri. Kipimo hiki hakihitaji umeme wala maabara, ndiyo maana kimo katika alama za FEAST PET za mwaka 2015, zinazobashiri mtoto yupi yuko hatarini kufa, pamoja na joto, kasi ya moyo, fahamu, weupe wa mwili, kupumua kwa shida, sauti za mikwaruzo mapafuni na mapigo dhaifu ya mshipa. Hujumlishwa toka 0 hadi 10.

Alama hizo zilichotwa kwenye utafiti uliokuwa na swali jingine kabisa: je, mtoto mahututi akimiminiwa maji mengi haraka mshipani hupona? Walishiriki watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, Muheza ikiwemo. Jibu la 2011 liliwashtua madaktari: maji yaliongeza vifo.

Ufundi ninaouhusudu huanza alama zikishapatikana. Wataalamu walizipeleka Kilifi, pwani ya Kenya, kwa watoto ambao hawakuhusika kuzitengeneza. Anayetunga mtihani kisha akaufanya mwenyewe atafaulu tu. Maswali ni mawili. Je, walio hatarini wanatangulia? Na hatari inayotajwa ni ya kweli? Modeli ya alama kama hizi inaweza kupanga foleni sawasawa huku ikibashiri vifo 20 katika kila watoto 100, pale wanapokufa watano. Kwa muuguzi wa mapokezi hilo si tatizo kubwa. Kwa anayeamua nani apande gari la rufaa, ni kubwa mno.

Sasa zipeleke Tlawi, nyanda za juu za Mbulu, kaskazini mwa Tanzania. Asubuhi ya Julai vidole vya mtoto mzima kabisa huwa baridi, na damu hurudi polepole kwa sababu hiyo tu. Mpimaji makini atapasha mkono joto kwanza, au atabonyeza kifuani, na ataandika alichofanya ili mwenzake wa zamu ya usiku afanye vilevile.

Halafu kuna hesabu chungu. Wanatakwimu hupendelea angalau vifo 100 kabla ya kuiamini tathmini ya modeli, kwa hiyo hospitali inayotibu vizuri ndiyo inayosubiri miaka mingi zaidi. Ingebidi majalada ya hospitali za Haydom, Dareda na Mbulu mjini yasomwe pamoja, yote yakiwa yamejazwa kwa namna moja.