Kichocheo Kisichotoroka na Maji

Wilaya ya Manyoni, yenye kata ya Kilimatinde, imeingia kwenye kilimo cha korosho kupitia shamba la pamoja la Masigati. Korosho ikishabanguliwa, ganda hugeuka taka, na mafuta yake huchoma mikono ya wabanguaji. Egid Mubofu, mkemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyatumia mafuta hayo kama kalibu ya kutengenezea vichocheo.

Safari yake ilianzia kwenye paladi. Metali hii ghali huunganisha kaboni na kaboni katika mmenyuko wa Suzuki, uliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Ikiyeyushwa humo, kuitoa ni kazi. Mwaka 2001, Mubofu, James Clark na Duncan Macquarrie wa York, Uingereza, walichapisha njia yao: chembe za silika zilipachikwa mikono yenye nitrojeni, nayo mikono ikaishika paladi. Kazi ikiisha unachuja, unasafisha, unatumia tena.

Mwaka 2011, kwa Mubofu, J. Mdoe na G. Kinunda, zamu ilikuwa ya korosho. Molekuli za mafuta ya ganda zina kichwa kinachopenda maji na mkia mrefu unaoyakwepa, kwa hiyo hujikusanya mafungu mafungu. Silika ikaganda kuyazunguka, kisha mafuta yakaondolewa. Matundu yaliyobaki yalikuwa mapana kiasi cha kuhifadhi invatesi, kimeng'enya kinachovunja sukari ya kawaida kuwa glukosi na fruktosi.

Wengi husifu kichocheo kwa idadi ya mara kilizorudi kazini. Kwangu hiyo haitoshi. Kichuje mmenyuko ukiwa katikati, ungali wa moto, kisha uache uchujo peke yake. Ukiendelea kufanya kazi bila unga wa kichocheo, metali imevuja, na sifa yote ya kurejelezwa inaporomoka.

Swali hilo hilo la kuvuja naliuliza kuhusu seli za jua za perovskaiti. Mwaka 2009 kundi la Tsutomu Miyasaka wa Japani lilipata ufanisi wa asilimia 3.8, leo seli ndogo za maabara zimevuka 25. Chumvi ya risasi na chumvi ya kikaboni huyeyushwa pamoja, hutandazwa juu ya kioo na kupashwa moto kwenye nyuzi 100 hivi. Ni rahisi mno ukilinganisha na silikoni. Lakini kinachoyeyuka kirahisi kiwandani huyeyuka pia paneli ikipasuka, na katika nyanda kame kama Kilimatinde bati linalobeba paneli ndilo linalokinga maji ya mvua ya kunywa.

Mwaka 2020 watafiti nchini Marekani walipaka seli hizo tabaka zenye fosforasi zinazoing'ang'ania risasi, zikanasa zaidi ya asilimia 96 ya iliyovuja. Ni kanuni ile ile ya mikono ya York. Mimi ningedai kila paneli ya perovskaiti itakayouzwa nchini ije na kipimo hicho: ivunjwe, imwagiwe maji, na risasi iliyomo majini ipimwe kabla haijapandishwa juu ya bati la mtu.