Masafa Mafupi Yafikayo Mbali: Uhakiki wa Istilahi za Kupima Wakati wa Mawimbi ya Redio

Hoja isemayo kwamba Kiswahili hakina maneno ya kutosha kwa sayansi imejibiwa mara nyingi, na aghalabu jibu limekuwa orodha ndefu ya istilahi. Makala haya hayaichukulii orodha kuwa ndiyo kipimo. Istilahi hupimwa ndani ya sentensi, hasa pale mwandishi anapotaka kutenganisha vitu viwili vinavyokaribiana. Uwanja uliochaguliwa kwa uhakiki huu ni upimaji wa wakati wa mawimbi ya redio yanayojirudia, kwa kutumia redio inayoendeshwa na programu ya kompyuta. Vifaa vya kazi hiyo vimekuwa vya bei nafuu tangu mwaka 2012, ilipobainika kwamba kidude kidogo cha kupokelea televisheni, kinachochomekwa kwenye kompyuta, kinaweza kutoa namba ghafi za wimbi lenyewe. Mwanafunzi wa Tunguu anaweza basi kuifanya kazi hii kwa mikono yake. Suala ni iwapo anaweza kuiandika kwa Kiswahili bila ya kumpotosha msomaji.

Kazi yenyewe huenda hivi. Kifaa hulikatakata wimbi kuwa sampuli, tuseme 2,400,000 kwa sekunde. Programu huitafuta sampuli ambapo mlio ulianzia, kisha huhesabu sampuli mpaka mwanzo wa mlio unaofuata. Mfano mwepesi ni milio sita ya saa ambayo BBC iliianzisha tarehe 5 Februari 1924: mitano mifupi na, tangu mwisho wa mwaka 1971, wa sita mrefu wa nusu sekunde, ambao mwanzo wake ndio saa kamili. Kwa kasi hiyo ya ukataji sampuli moja huchukua takriban nanosekunde 417. Usahihi huo, hata hivyo, ni wa juu juu tu, kwani fuwele inayoongoza ukataji nayo ni saa, na saa hukosea. Kosa la sehemu moja katika milioni hufikia milisekunde 86.4 kwa siku. Ndiyo maana mpimaji makini huilinganisha fuwele yake na mpigo wa GPS unaotolewa kila sekunde.

Sasa tulitazame neno "masafa". Limetoka katika Kiarabu, na maana yake ya msingi ni umbali. Mtu wa Makunduchi akitaja masafa ya kutoka kwao hadi mjini, haulizwi anakusudia nini. Utangazaji ukalipa neno hilo kazi ya pili: katika "masafa mafupi" na "masafa ya kati" kilichokusudiwa ni urefu wa wimbi. Kisha likatwikwa kazi ya tatu. Leo Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania inapozungumzia usimamizi wa masafa, inakusudia idadi ya mitetemo kwa sekunde. Kwa hiyo neno moja limebeba vipimo vitatu, na viwili kati yake hupingana: wimbi likifupika, mitetemo huongezeka.

Chukua matangazo yaliyokuwa yakirushwa na Sauti ya Tanzania Zanzibar kutoka mtambo wa Dole, kwa kilohezi 11,735. Wimbi lake lina urefu wa mita 25.5, kwa hiyo masafa yake ni mafupi. Mitetemo yake ni zaidi ya milioni 11 kwa sekunde, kwa hiyo masafa yake ni makubwa. Nayo yamewahi kunaswa na wasikilizaji wa Ulaya, kwa hiyo masafa yake ni marefu. Mwandishi anaweza kuandika, bila ya kukosea hata neno moja, kwamba masafa mafupi yana masafa makubwa na hufika masafa marefu. Msikilizaji wa kawaida atacheka na kuendelea kusikiliza taarabu. Mpimaji hana nafasi hiyo.

Hebu tuitunge sentensi ambayo ingeweza kuonekana katika tasnifu yoyote: "Baada ya magharibi masafa yalibadilika, na mlio ukachelewa kwa milisekunde moja." Iwapo masafa ni umbali, sentensi inasema kwamba tabaka la anga linaloakisi mawimbi lilipanda, na njia ya wimbi ikarefuka. Iwapo masafa ni mitetemo, inasema kwamba kituo kilihamia sehemu nyingine ya bendi, ambako mawimbi hupita njia nyingine, au kwamba kipokezi chenyewe kiliteleza kwa kubadilika joto. Sababu ya kwanza iko angani, ya mwisho iko mezani kwa mtafiti. Masahihisho yake hayafanani hata kidogo. Milisekunde moja ni njia ya kilomita 300, ilhali wimbi huivuka Unguja yote, kutoka Nungwi hadi Makunduchi, kwa muda usiofikia theluthi moja ya milisekunde. Msomaji aliyeambiwa "masafa" tu hawezi kujua ahojiwe nani, anga au fuwele.

Wapo watakaosema kwamba muktadha huamua. Muktadha huamua pale ambapo msomaji tayari anajua jibu. Tasnifu huandikwa kwa ajili ya asiyelijua. Makala haya yanapendekeza masafa yarudishwe kwa umbali. Penye urefu wa wimbi paandikwe "urefu wa wimbi", na idadi ya mitetemo iitwe "marudio". Itapingwa kwamba redioni marudio ni kipindi kinachorushwa mara ya pili. Ni kweli, lakini mgongano huo hauna madhara, kwa sababu hapana atakayekipa kipindi cha marudio kipimo cha kilohezi.

"Kipindi" nalo lina wingi wa maana: ni somo la darasani, ni matangazo ya redio, na katika fizikia ni muda wa mrudio mmoja wa wimbi. "Kipindi cha redio kilikuwa sekunde moja" ni sentensi ya ajabu kwa yeyote asiyesoma fizikia. Hapana baraza, liwe BAKIZA au BAKITA, litakalowanyang'anya wasikilizaji neno lao. Ni afadhali mtafiti aandike "muda wa duru" na kuendelea na kazi.

Ingekuwa dhuluma, hata hivyo, kuhakiki kasoro pekee, kwani mahali pagumu zaidi pa kazi hii Kiswahili cha kila siku kinatosha bila ya msaada wa kamusi. Mpimaji lazima atofautishe saa iliyokosewa kuwekwa na saa inayokwenda kwa kasi isiyo yake. Mswahili husema "saa yangu iko mbele dakika tano" kwa kosa la kwanza, na "saa yangu inakimbia" kwa la pili. Kosa la kwanza huondolewa kwa kutoa mara moja. La pili hukua kila siku, kama zile milisekunde 86.4. Milio ikija mara mapema mara baadaye bila ya mpango, basi inayumba. Watunga istilahi wangeanzia hapa, kwa fundi saa wa Darajani, kabla ya kufungua kamusi ya Kiingereza.

Limebaki la kumbukumbu za vipimo. Tofauti ya saa sita kati ya saa ya Kiswahili na ile ya kimataifa haina hatari, kwa kuwa kila mtu anaijua. Hatari iko katika siku. Kwa desturi ya Unguja siku huanza jua linapotua, hivyo "usiku wa Ijumaa" ni usiku ambao wengine huuita wa Alhamisi. Mtafiti anayeandika "usiku wa Ijumaa, saa tatu na dakika kumi" anaweza kuwa amepima mpaka mikrosekunde na bado msomaji wa Dodoma akamkosa kwa saa 24 nzima. Daftari la vipimo liandikwe tarehe kwa namba, na saa ya kimataifa pembeni yake, hata pale ambapo maelezo yote mengine ni ya Kiswahili.