Namba ya Udongo: Mshiko katika Gemu za Motokrosi

Ondoa kwenye gemu ya motokrosi muziki, mashabiki wa kuchora na mabango ya wafadhili. Kitakachobaki ni udongo. Na udongo wenyewe, ukilifungua faili la mtu aliyejitengenezea njia yake ya mashindano, kwa msingi wake ni vitu viwili. Kuna picha ya kijivu inayoonyesha miinuko, penye weupe pakiwa juu na penye weusi pakiwa chini. Halafu kuna namba, inayoamua tairi lishike kiasi gani. Sifa zote huenda kwenye picha. Watu hufungua njia mpya, wakahesabu matuta ya kurukia, wakasema fundi kaweza. Namba haionekani, kwa hiyo haihakikiwi. Lakini fani ya kazi nzima imo humo: njia ileile ikipewa mshiko wa 0.9, kisha ikapewa 0.5, huwa ni njia mbili tofauti, hata kama hakuna tuta lililosogezwa.

Kipimo changu ni njia za Likawage. Hii ni kata ya Wilaya ya Kilwa, bara kidogo, nchi ya miombo, mpingo na mashamba ya ufuta. Ukiacha lami ya barabara kuu iendayo Lindi ukaingia ndani, unapishana na kichanga, udongo mgumu, halafu mfinyanzi mweusi mabondeni, kisha kichanga tena. Dereva wa bodaboda mwenye abiria nyuma na gunia juu ya tangi hasubiri kuambiwa. Anaona rangi ya ardhi imebadilika, anashusha gia kabla hajafika, anaweka mkono wa mafuta sawasawa bila kuukata, na miguu yote miwili inaachia vikanyagio ikining'inia karibu na ardhi. Akifunga breki ya mbele hapo, usukani unajikunja na wote watatu wako chini, yeye, abiria na gunia.

Turudi kwenye namba. Kwa hesabu ya kawaida ya fizikia, pikipiki iliyo kwenye kilomita 40 kwa saa, juu ya udongo wenye mshiko wa 0.6, inasimama baada ya mita kama kumi na nusu. Shusha mshiko hadi 0.3 na zinakuwa mita 21: nusu ya mshiko, umbali mara mbili. Kona ina hesabu yake. Kasi ya juu ya kukata kona hufuata kipeuo cha pili cha mshiko, kwa hiyo kuigawa namba kwa mbili kunapunguza kasi hiyo kwa chini ya theluthi moja. Mlima nao una yake: uzito wote ukiwa juu ya tairi linalosukuma, 0.6 inapandisha nyuzi 31 hivi, 0.3 inakomea karibu na 17.

Hapa ndipo njia nyingi za kujitengenezea zinapoharibika. Fundi anaijaribu namba kwenye kona, kwa sababu kona ndiyo tamu. Anaona pikipiki inateleza kidogo, inapendeza, anaridhika. Hakupima breki za mwisho wa mteremko, ambako badiliko lilelile limeongeza umbali maradufu, wala kilima cha tatu, ambacho sasa hakipandiki. Wachezaji wakilalamika, anapandisha mshiko kwenye ramani nzima. Akifanya hivyo mara mbili tatu, udongo wake umekuwa lami iliyopakwa rangi ya kahawia. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote ya aina hii ya kazi, nalo linatokana na huruma: fundi hataki mtu aanguke.

Kosa la pili ni la kuchanganya kuteleza na kuzama. Anayetaka kichanga hushusha mshiko peke yake, na matokeo yake si kichanga bali barafu. Likawage hakuna barafu. Kichanga kikavu hakimtelezeshi mtu tu, kinalimeza tairi. Injini inanguruma, mwendo hauji, na ukiachia mafuta pikipiki inasimama yenyewe, kana kwamba imeshikwa mkia. Kwa hiyo mshiko unapaswa kwenda na namba ya pili, ya ukinzani, na ya pili ipande pale ya kwanza inaposhuka. Kuna jambo jingine ambalo gemu hulisahau: tairi la nyuma likifungwa kwenye udongo uliolegea hukusanya rundo mbele yake, na rundo hilo linasaidia kusimamisha. Kwenye lami, tairi lililofungwa linapoteza mshiko. Fundi anayechukua hesabu za lami akazipunguza tu ameshakosea kabla hajaweka namba yoyote.

Ila mahali Likawage inapomuumbua fundi hasa ni kwenye mvua. Njia rahisi ya kuweka mvua kwenye gemu ni kizidishio kimoja: ikinyesha, kila namba ya ramani inazidishwa kwa, tuseme, 0.7, na kila kitu kinateleza kwa haki sawa. Ardhi haina haki ya namna hiyo. Kichanga kikilowa kidogo kinashikana, na pale ulipokuwa ukisukuma pikipiki kwa miguu jana, leo unapita na gia ya tatu. Mfinyanzi mweusi ni kinyume. Kiangazi ni mgumu wenye nyufa, unabeba hata lori la magogo. Masika unajaza nafasi ya madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na dereva anashuka kutafuta kijiti cha kuchokolea. Mvua ni moja, imepandisha namba ya udongo mmoja na kushusha ya mwingine. Mpangilio mzima wa njia umepinduka: palipokuwa pa kupumzikia ndipo pa kuhangaikia. Kizidishio kimoja hakiwezi kuupata mgeuko huo.

Ukitazama historia ya gemu hizi, unaona fani ikianza polepole kuzingatia kuwa udongo hubadilika kadiri wakati unavyopita. Excitebike ya Nintendo, ya mwaka 1984, ilimruhusu mchezaji kupanga njia yake mwenyewe, na tope lake lilikuwa kiraka: ukikikanyaga unapungua mwendo, ukikitoka umesahau. Tope lile halina kumbukumbu. Miaka 25 baadaye, mwaka 2009, MX vs. ATV Reflex ya Rainbow Studios ilifanya tairi liache mfereji unaobaki, na wa mzunguko wa pili anaukuta. MX Simulator imelipeleka wazo hilo mbali zaidi. Njia inaliwa kadiri watu wanavyopita, na mstari bora wa mzunguko wa kwanza unaweza kuwa mtego katika wa kumi. Ndiyo maana naiheshimu kuliko nyingine zenye sura nzuri. Humo namba ya mshiko haifanyi kazi peke yake, inaingia kwenye umbo la ardhi na umbo linairudia.

Afrika Mashariki yetu imeshaingia kwenye gemu, ingawa kwa magari. WRC 9, iliyotoka Septemba 2020, iliweka Safari Rally ya Kenya katika orodha yake, wakati mashindano yenyewe ya mwaka huo yalikuwa yamefutwa kwa sababu ya korona. Magari ya kweli ya ubingwa wa dunia yalifika Naivasha Juni 2021. Wachezaji walikuwa wameshapita kwenye vumbi lile kabla ya madereva. Gemu ile naisifu kwa mandhari. Kwa vumbi sina sifa nyingi: unga laini wa Naivasha, ule unaoficha mawe na kufyonza gari zima, nimeuona kwa macho kuliko nilivyousikia mikononi.

Halafu kuna mzigo. Pikipiki ya motokrosi hubeba mtu mmoja mwepesi aliyesimama. Ya Likawage inabeba mshikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja, na uzito ukihamia nyuma, tairi la mbele linabaki jepesi na namba yake haina maana tena hata udongo uwe mzuri vipi. Sijakutana na gemu ya motokrosi inayoniwekea abiria.

Kwa hiyo, kijana wa Kilwa mwenye kompyuta na hamu ya kuichora njia ya kwao, usianze na matuta. Chora mita mia mbili tu: kichanga, bonde la mfinyanzi, kichanga. Zipe mafaili mawili, moja la Septemba na moja la Machi, na kila udongo uwe na namba zake katika kila faili. Ukiona mchezaji anapita bondeni kwa kasi ileile katika mafaili yote mawili, rudi ukarekebishe.