Uzito Ukae Kati ya Mikono

Nimechoka kusikia bunduki ikisifiwa kwa wingi wa vitu vilivyofungwa juu yake. Msimu uliopita, kambini kusini mwa Rufiji, .458 ya kijana mmoja anayeongoza watalii wa safari za miguu ilipita mkono kwa mkono, na kila aliyeishika alikuwa na neno zuri la kusema. Juu ilikuwa na darubini ya moja hadi sita. Mdomoni breki. Tochi imebanwa kwenye mtutu, mbele kabisa. Kitakoni mkoba wa ngozi wenye risasi sita, na mkanda mpana wa mpira unaning'inia chini. Wakasema hii ndiyo bunduki ya kazi. Nilipoipandisha begani na kuielekeza kwenye kisiki, mdomo ulifika, ukakipita, ikabidi niuvute urudi. Aliyefunga vitu vile alinunua kila kimoja kwa ubora wake, bila kuuliza kitakaa wapi.

Tukumbushane kazi ya bunduki hii. Mwindaji bingwa na mwongoza watalii wa miguu hawaibebi ili wapate nyama. Wanaibeba kutwa nzima, siku baada ya siku, wakiomba isifyatuliwe. Ikifyatuliwa, ni kwa sababu nyati aliyekuwa amelala kwenye matete ameamka hatua ishirini mbele yao. Nyati hukimbia kilomita 50 kwa saa na zaidi. Mita 20 anazimaliza kwa sekunde moja na nusu hivi, na ndani ya muda huo bunduki itoke mkononi, ifike begani, igeuke, isimame juu ya pua ya mnyama, ilie. Usahihi wa mita 200 haukusaidii hapo. Nguvu ya risasi inasaidia, ila risasi iliyopita sentimita kumi pembeni haina nguvu yoyote.

Kuhusu uzito wa jumla sina mengi. .375 iwe kilo 4 au chini kidogo. .416 na .458 zikae kati ya kilo 4.3 na 4.7. Ya mitutu miwili ya .470 itakaribia kilo 5, na ina haki yake. Ukipunguza zaidi ya hapo, teke litakufundisha kufumba macho kabla ya kugusa triga, na ugonjwa huo ukishaingia hautoki kwa urahisi. Selous mwenyewe, mwindaji wa zamani aliyelala Beho Beho tangu Januari 1917, ujanani alipiga tembo kwa magobori makubwa ya namba nne, na baadaye aliandika kwa majuto kwamba teke la silaha zile lilimharibia utulivu wa kulenga. Kwa hiyo mizani ya dukani nakubali itumike. Lakini mizani haijui bunduki.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wanaojifunza hulikosa kila mara.

Karibu kila mtu amefundishwa kuilaza bunduki juu ya kidole na kutafuta kitovu chake, pale inapokaa bila kuinamia mbele wala nyuma. Kwenye bunduki ya bolti kitovu kiwe chini ya chemba, mbele kidogo ya magazini. Kwenye ya mitutu miwili kiwe kwenye bawaba au kidole kimoja mbele yake. Hayo ni sahihi. Kosa ni kuishia hapo, kwa sababu kidole kinakuambia kitovu kiko wapi tu. Hakikuambii uzito wenyewe umekusanyika karibu na kitovu au umekimbilia kwenye ncha mbili. Bunduki mbili zinaweza kuwa na kilo zile zile na kitovu kile kile, moja ikageuka kabla hujamaliza kuiwazia, nyingine ikakataa kuanza na ikishaanza ikakataa kusimama.

Hesabu yake si ngumu. Chukua kitu cha gramu 150, tuseme tochi na kibanio chake. Kifunge sentimita 5 kutoka kwenye kitovu, kisha kihamishie sentimita 60, karibu na mdomo wa mtutu. Umbali umeongezeka mara 12. Lakini ukaidi wa kugeuka unaoletwa na gramu hizo umeongezeka mara 144, maana kwenye mgeuko umbali hujizidisha wenyewe. Mizani itasoma namba ile ile mara zote mbili. Kwenye bunduki ya kilo 4.2 kidole kitaona kitovu kimesogea mbele sentimita 2 hivi. Bega na kiuno vitaona bunduki nyingine kabisa.

Na hapa ndipo matapeli wanapopatia riziki. Niliwahi kuletewa CZ 550 iliyouzwa kwa bei ya juu kwa sababu eti imesawazishwa na fundi. CZ hizo ni bunduki za kuaminika, mtambo wake unavuta risasi kwa ukucha mpana kama Mauser za zamani, lakini mtutu wake wa kiwandani una inchi 25 na mbele ni nzito. Hilo halina ubishi. Hii niliyoletewa ilikaa kidoleni sawasawa kabisa. Nikaigeuza mara mbili kuelekea mlango, nikajua kuna kitu. Nilipofungua mpira wa kitako nilikuta shimo la kuchimba, ndani madini ya risasi yaliyoyeyushwa, pamba ikaziba juu ili yasigonge. Ili kurudisha kitovu nyuma sentimita 2 kwa uzito uliokaa sentimita 40 nyuma yake, unahitaji zaidi ya gramu 200. Fundi yule hakupunguza hata gramu moja mbele. Aliongeza mzigo nyuma ili kidole kidanganyike, na mnunuzi akalipia ukaidi mara mbili.

Najua mafundi wazuri wa Uingereza nao huchimba kitako. Hutoboa ili kupunguza mbao, au hutia kijipande kidogo mwishoni mwa kazi, baada ya mtutu kuchongwa ukawa mwembamba kuelekea mdomoni na mbao ya mbele kukatwa fupi. Mkono wao huanza mbele, na nyuma wanakwenda kumalizia tu.

Aliyenifundisha kuitambua tofauti hii hakuwa fundi. Alikuwa mzee mfuata nyayo wa Liwale, aliyebeba bunduki za wageni kabla uwindaji haujafungwa nchini mwaka 1973. Mgeni akimpa bunduki yake, mzee aliishika katikati kwa mkono mmoja, mdomo ukielekea juu ya miti, akaitikisa kiganjani kulia na kushoto mara tatu, nne, kwa kasi, kisha akaikatisha ghafla. Alikuwa anasikiliza kwa kifundo cha mkono. Nzuri ilisimama naye. Mbaya iliendelea kumvuta baada ya yeye kusimama. "Hii ina kichwa kizito, mwanangu," alikuwa akisema, na mara chache akiongeza, "na mkia pia." Hizo zenye mkia pia ndizo alizozichukia zaidi. Fanya kama yeye, bunduki ikiwa tupu na umeangalia chemba kwa jicho na kwa kidole. Halafu simama katikati ya chumba, chagua misumari miwili ukutani iliyoachana hatua nne, pandisha begani ukiwa umefumba macho, fungua, geuka kutoka msumari hadi msumari. Kilengeo cha mbele kikisimama juu ya msumari mara ya kwanza, bunduki ni yako. Kikipita na kurudi, kuna kitu cha kuondoa.

Wakubwa wa kazi hii walijua. Bell wa Karamoja aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa Mauser ndogo ya .275, na vijana hupenda kubishania kalibari yake. Kalibari yake haikuhusu wewe. Yeye alichagua tembo asiyejua kama kuna mtu, wewe unachaguliwa na nyati. Cha kujifunza kwa Bell ni kwamba alibeba bunduki yake mwenyewe pale wenzake walipowaachia wabebaji, na alikuwa akilenga na kufyatua ikiwa tupu njiani, tena na tena, mpaka ikawa kiungo cha mwili wake. Bunduki yenye ncha nzito huwezi kuifanyia hivyo kwa saa nane.

Harry Selby naye alikuwa na ya mitutu miwili, .470, hadi mwaka 1949 gari lilipoikanyaga. Akaingia Nairobi kutafuta kitu cha kumalizia msimu, akapata Rigby ya bolti ya .416, kalibari iliyotoka mwaka 1911. Kitu cha kumalizia msimu kikawa bunduki ya maisha yake, na kitabu cha Robert Ruark cha 1953 kuhusu safari yao ya Tanganyika kikaifanya kalibari hiyo itafutwe upya. Ile Rigby ilikuwa na vilengeo vya chuma, mbao na mkanda, wala haikumpungukia kitu.

Basi kila unachotaka kufunga, ulize kwanza mahali pake.

Darubini inakaa juu ya kitovu, kwa hiyo haidhuru mgeuko kama watu wanavyodhani. Inachodhuru ni kimo: inainua shavu kutoka kwenye mbao, na shavu likielea bunduki imepoteza makazi. Ukiitaka, iwe ya kuanzia moja, ikae chini kabisa, na vibanio vyake viachie kwa mkono bila bisibisi, ili ukiingia kwenye vichaka uitoe uiweke mfukoni. Ile ya nukta nyekundu isiyokuza, kama Aimpoint ndogo za Sweden, ina gramu 100 hivi pamoja na kiti chake, nayo naikubali kwa macho yaliyozeeka. Kwa macho ya kijana, shanga nyeupe mbele na V pana isiyo na kina nyuma ndiyo kanuni, na sitaki kuijadili.

Breki ya mdomoni ni uzito mahali pabaya kuliko pote. Kibaya zaidi, inarudisha mlio nyuma na pembeni, kwa mfuata nyayo aliyesimama bega kwa bega na wewe. Nawajua wafuata nyayo wasiosikia ndege tena kwa sababu ya breki za wageni. Mtu anayehitaji breki kwenye .458 achukue .375 aipige vizuri. Kalibari hiyo imekuwa ikifanya kazi tangu 1912.

Tochi inahitajika kambini usiku, tembo wakija kwenye mikwaju au simba wakipita katikati ya mahema. Ibanwe chini ya mbao ya mbele, pale vidole vya mkono wa kushoto vinapofika, na alfajiri itolewe. Tochi inayotembea mchana ni mzigo tu.

Mkoba wa risasi kitakoni naupinga. Kichwa peke yake cha .458 kina gramu 32. Weka risasi sita kamili, na ganda na baruti zake, umeongeza zaidi ya gramu 200 mkiani, ule ule ujanja wa fundi wa CZ, tofauti ni kwamba huu unaonekana. Tena uzito huo hubadilika kila unapochomoa risasi moja. Mahali pa risasi ni kiunoni, kushoto kwa mbele, kwenye ngozi ngumu isiyolegea kwa jasho.

Mkanda uwe wa ngozi, mwembamba, na pete yake ya mbele ifungwe kwenye mtutu, mbele ya mbao. Waingereza waliiweka hapo kwa sababu mbili: pete isichane vidole vya kushoto bunduki ikipiga teke, na mdomo ukae chini ya matawi unapoitundika begani. Viwanda vingi vya leo huiweka kwenye mbao kwa kuwa ni rahisi kutoboa. Ukikaribia mahali unapohisi pana mnyama, mkanda utoke kabisa. Nimeona mkanda ukishika tawi la mgunga wakati mikono ilikuwa inahitajika kwingine.

Mbao naipenda ya mti wa jozi, iliyopakwa mafuta ya kitani kwa kiganja, isiyong'aa. Plastiki haivimbi kwa mvua, hilo ni kweli. Lakini plastiki tupu ndani huifanya bunduki ilie kama debe ukigusa kijiti, na mbao mnene huweka uzito pale pale ninapoutaka, kati ya mikono miwili. Zamani, kabla Kenya haijafunga uwindaji mwaka 1977, ungeweza kuona Mauser iliyobebwa miaka thelathini, rangi ya chuma imefutika pale pekee kiganja kilipokuwa kikiishika. Alama hiyo ilikuwa moja, katikati, mbele ya magazini. Siku hizi naangalia bunduki za vijana, rangi imechubuka huku na kule kwa sababu mkono haujapata pa kutulia.

Mwenye CZ, na wako wengi, asikate tamaa na asinunue kitu kipya. Amtafute fundi mwenye leseni aukate mtutu ufike inchi 22, asimamishe upya kilengeo cha mbele, ahamishie pete ya mkanda kwenye mtutu na apunguze mbao ya mbele. Kwa .458 au .375 kasi itakayopotea hutaiona kwenye mita 20. Mlio utaongezeka kidogo. Risasi zitatua mahali tofauti na zamani, kwa hiyo arudi kwenye shabaha kwa mita 25 na mita 50, akiwa amesimama wima bila kuegemea, na apige kwa risasi zile zile atakazotembea nazo porini.