Mutu anayeanza asianze na tablo

Wandugu, leo ninataka kukosoa kitu kimoja ambacho wengi wetu tulifundishwa vibaya: namna ya kupanga ukurasa wa intaneti wa kwanza. Mimi ni mutu wa agronomia, si wa informatike. Lakini munajua vile iko: lisansi unayo, kazi haiko, basi unajifunza kila kitu.

Mahali nilipojifunzia (sitapataja) walitufundisha kupanga ukurasa wote ndani ya tablo: kichwa juu, menyu kushoto, maandishi katikati, matangazo kuume. Kwenye ordinatere ya mwalimu ilikuwa safi kabisa. Nikatumia ile namna kwa kikundi cha mama wanaouza vipandikizi vya mihogo. Siku ya kufungua kwenye telefone ya mama prezida, maandishi yalikuwa madogo kama mayai ya chungu. Akavuta na vidole, bei ikatoka kwenye ekra, akarudi, akapotea tena. Akaniuliza: "Mwanangu, njo hii tulilipia?"

Tablo yenyewe haina kosa. Kazi yake ni kupanga hesabu: aina ya mbegu, kipimo, bei. Katika miaka ya 1990 watu waliigeuza kuwa nyumba ya ukurasa mzima kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya maana. David Siegel aliieneza sana na kitabu chake cha 1996, Creating Killer Web Sites. Ile sababu imekwisha zamani. Lakini kolone za tablo bado zinang'ang'ania kukaa bega kwa bega hata ekra ikiwa nyembamba.

Floti nayo iliumbwa ili picha ikae kando na maandishi yaizunguke. Ukipanga kolone nayo, kisanduku kinachozibeba kinajikunja kama hakina kitu ndani, na mutu mupya anapoteza siku tatu akifikiri yeye njo mujinga.

Najua wengine mutajibu: "Tumia Bootstrap, kwisha!" Sina chuki nayo, imesaidia wengi tangu 2011. Lakini inakupa kolone kumi na mbili kabla hujaelewa moja, na faili zake zinakula mega za mutu aliyekuja kusoma bei tu. Sisi wa kununua forfe ya siku moja tunaelewa uzito huo.

Maoni yangu: anza bila kupanga kitu. HTML peke yake inaweka kichwa, paragrafu na picha kimoja chini ya kingine, na maandishi yanakunjika kufuata upana wa ekra. Ongeza kwenye kichwa cha faili ule mstari unaoambia telefone itumie upana wake wa kweli, zuia picha isipite ekra, acha nafasi pembeni. Halafu simama. Fungua kwenye telefone ya mutu mwingine, si yako.

Kupanga kunakuja nyuma, kama ukurasa wenyewe unakuomba. Vitu vya mstari mmoja, kama menyu, vipe fleksiboksi. Mistari na kolone kwa pamoja, tumia gridi, iliyoingia Chrome, Firefox na Safari Machi 2017. Wenzangu wa shamba watacheka, lakini gridi ni piketaji: kamba pande mbili, mihogo mita 1 kwa mita 1, mimea 10.000 kwa hektari. Na hakuna agronomu anayepiga piketi kabla ya kuangalia mteremko. Ekra ya telefone njo mteremko wetu.

Mutu mmoja aliniuliza: na telefone za zamani zisizojua gridi? Hapo njo uzuri wake. Programu ya kusoma kurasa ikikutana na sheria ya CSS isiyoijua, inairuka tu. Kama chini yake uliandika HTML ya kawaida, msomaji anapata kolone moja, anasoma, anaendelea na siku yake.

Ukurasa wa wale mama niliurudilia bila malipo. Kolone moja, na tablo ndogo ya bei peke yake. Mama prezida akasoma bei zote kwa sauti, akafika ya tatu, akasimama: ilikuwa ya mwaka jana.