Jitu Linapoingia Kiganjani

Kwenye kiganja changu amesimama Gundam. Kuanzia unyayo hadi ncha ya pembe hafiki sentimita tano, na kichwa peke yake kimechukua karibu nusu ya kimo hicho. Miguu ni mifupi na minene, kifua ni kidogo kuliko uso, ngumi zimekaa ubavuni kama punje mbili za mbaazi. Huko kwenye hadithi alikotoka, huyu ni roboti wa kivita mwenye kimo cha mita 18, anayeendeshwa na kijana aitwaye Amuro Ray aliyeketi ndani ya kiwiliwili chake. Mwaka 2009 Wajapani walimjenga kwa kimo hicho kamili wakamsimamisha Odaiba, Tokyo, na watu wakamiminika kumtazama, nyuso wameziinua juu. Mimi namtazama nikiwa nimeinama, kioo cha kukuzia mkononi.

Wengi wakimwona husema ni Gundam aliyepunguzwa. Si kweli, na hapo ndipo ustadi wote ulipo. Fanya hesabu. Ukilichukua jitu la mita 18 ukaligawa kwa 400, unapata kitu cha sentimita nne na nusu, kimo cha huyu niliyemshika. Lakini uso wake ungekuwa mdogo kuliko punje ya mahindi, macho yangepotea, na zile pembe za kwenye paji zingekuwa nyembamba kama unywele, zikatike siku ya kwanza. Ungebaki na kijiti cheupe kisicho na jina. Ili apatikane huyu, ilibidi mtu aketi aamue kipi kibaki, kipi kikue, na kipi kiachwe kabisa.

Mtindo huu Wajapani huuita SD, kifupi cha maneno yenye maana ya umbo lililogeuzwa kupita kiasi. Mzizi wake ni katuni ya televisheni ya Mobile Suit Gundam, iliyoanza kurushwa Aprili 1979 chini ya mwongozaji Yoshiyuki Tomino, maroboti yakiwa yamebuniwa na Kunio Okawara. Mwanzoni haikupata watazamaji wengi. Ilipangiwa vipindi 52, ikakatwa ikaishia 43. Kilichoiinua ni marudio ya vipindi hivyo pamoja na modeli za plastiki ambazo kampuni ya Bandai ilianza kuziuza mwaka 1980, ya kwanza kwa yeni 300. Kisha akatokea kijana mmoja, Koji Yokoi, aliyekuwa bado mwanafunzi, akawa anatuma michoro yake kwa jarida la Bandai la wapenzi wa modeli. Katika michoro hiyo majitu ya vita yalikuwa na vichwa vikubwa na vimo vya watoto wadogo. Bandai haikuitupa kapuni. Mwaka 1985 mtindo huo ukatoka kwa umbo la vijisanamu vya plastiki laini, vikauzwa kwenye mashine za sarafu: unatumbukiza sarafu, unazungusha kitasa, linaanguka tufe la plastiki, na ndani yumo askari wako. Yokoi hakuiacha kazi hiyo. Mchezo wa msomaji wa jarida ukawa kazi ya maisha ya mtu mzima.

Sisi tuliokulia kwenye magazeti ya Kiswahili tunaijua kanuni hii bila kuipa jina. Mchora katuni akitaka kumleta mwanasiasa ukurasani, hamchori kama alivyo kwenye picha ya pasipoti. Anakamata mwanya, au upara, au namna koti linavyombana tumboni, anakikuza hicho, na yaliyobaki anayapitia juu juu. Mpita njia anamtambua mtu huyo kutoka upande wa pili wa barabara, kabla hajasoma hata neno moja. Mchongaji wa SD anafanya kazi hiyohiyo, ila yake ina mtihani wa ziada. Anachokichonga ni mashine, haina tabasamu wala kunyanzi la kukamata. Tena sanamu haina upande mmoja kama karatasi. Lazima itambulike kwa mbele, kwa nyuma, hata kwa juu.

Mtazame Gundam tena, na tazama kilichohifadhiwa. Pembe za umbo la V zipo, nene kuliko zilivyo kwa yule mkubwa, na zinakumbusha pambo la kofia ya chuma ya samurai. Kidevu kilichochomoza kipo. Matundu mawili ya hewa kifuani yapo, ingawa kifua chenyewe kimebanwa mpaka kimekuwa kama mkufu chini ya kichwa. Ngao ipo. Magoti hayapo kabisa. Paja limeshuka likawa unyayo. Na nyayo zimekuzwa kwa sababu isiyo na uhusiano wowote na urembo: kichwa kizito namna hii kingemwangusha kifudifudi kila unapomsimamisha. Mchongaji ametandaza nyayo mbele kidogo na kuutegesha mgongo nyuma kwa kiasi kidogo sana, na kijiroboti kimetulia mezani kama jiwe la kusagia. Nimewahi kuvipanga 20 kwenye ubao na kuugongagonga ubao kwa kidole. Vilivyochongwa vizuri havitikisiki.

Halafu kuna macho. Katika katuni ya awali macho ya Gundam ni taa mbili za njano, hazina mboni. Kwenye SD amewekewa mboni, na kwa hatua hiyo moja mashine imepata moyo. Sasa anaweza kukasirika, kushtuka, kujivuna. Zaku, roboti wa maadui, yeye ana jicho moja tu linalotembea ndani ya mwanya wa giza, na kwake mchongaji hana nyusi wala mdomo wa kumsaidia. Anachoweza kuamua ni jicho hilo likae wapi. Zaku wangu wa rangi ya kijani ana mabomba yake puani, miiba kwenye bega la kushoto, ngao kwenye bega la kulia, kila kitu mahali pake, lakini ninachorudi kukitazama ni lile jicho. Limesogezwa kushoto kabisa, karibu liguse ukingo. Ni mtu aliyeitwa jina lake kwa nyuma na bado hajageuka. Yote hayo yamesemwa na kinundu kidogo kuliko kichwa cha kiberiti.

Sanamu ya kwanza kabisa, ile mama, huchongwa kwa mkono, kwa nta au kwa udongo maalumu unaogumu kama jiwe, kwa vijisu na sindano na msasa. Kisha hunakiliwa na kuundiwa kalibu la chuma lenye nusu mbili, na plastiki iliyoyeyushwa husukumwa ndani kwa nguvu. Hapa mchongaji anapaswa kufikiri kama fundi wa kalibu. Nusu mbili za chuma zinaachana kwa njia moja iliyonyooka, kwa hiyo kila mchomozo unaokwenda kinyume na njia hiyo unang'ang'ania chuma na kukataa kutoka. Mkono ulioshika bunduki ukiinuliwa kidogo tu kuelekea usikotakiwa, kalibu halifunguki bila kurarua. Plastiki laini ina huruma kidogo, inajipinda ikapita, lakini huruma hiyo ina mpaka. Ndiyo maana mikono ya vijiroboti vingi imelala ubavuni. Ukikutana na kimoja kilichonyanyua upanga juu ya kichwa, jua kwamba mtu alikesha akitafuta pembe ya kukilaza ndani ya chuma.

Pale nusu mbili zilipokutana hubaki mshono, uzi mwembamba wa plastiki unaozunguka mwili. Kipimo changu cha kwanza cha ustadi ndicho hicho. Fundi wa kawaida anauacha mshono upite popote, hata katikati ya shavu. Fundi hodari anaupitisha kwenye ukingo wa kofia, unashuka nyuma ya bega, unafuata mstari wa bamba la chuma ambao ungekuwepo kwa vyovyote, na hatimaye unapotea kati ya miguu. Ukitaka kuuona lazima uutafute kwa ukucha. Pale plastiki ilipoingilia hubaki kovu dogo, ambalo mimi huliita kitovu, na kwenye vijiroboti vizuri kitovu kimefichwa chini ya unyayo.

Vile vya miaka ya 1980 vilikuwa vya rangi moja: chekundu chote, cha samawati chote, au rangi ya nyama iliyopauka. Wajapani waliviita vifutio, kwa kuwa vinafanana na raba ya kufutia penseli. Miaka ya baadaye vikaja vilivyopakwa rangi kiwandani, na kazi yake inastahili heshima. Kwa kila rangi hutengenezwa kinyago chembamba cha chuma kinachoubana mwili barabara, kikiacha wazi sehemu moja tu, kisha rangi hupulizwa. Macho hayapulizwi. Hugongwa muhuri kwa kifuko laini cha silikoni, kinachochukua wino kutoka kwenye bamba lililochorwa na kujipinda juu ya mviringo wa uso bila kuuvuruga mchoro. Kinyago kikisogea nusu milimita, Gundam anapata makengeza. Kazi hiyo imefanywa kwa sehemu kubwa na mikono ya wafanyakazi wa viwanda vya kusini mwa China, na ukikuta mboni mbili zimekaa sawasawa kwenye uso usiozidi upana wa kidole, wakumbuke.

Hata hivyo, nikiambiwa nichague, nachagua vya rangi moja. Rangi husaidia mno. Ukipaka nyekundu kidevuni na njano kwenye pembe, mtu atamtambua Gundam hata kama uchongaji ni dhaifu. Kijiroboti cha rangi moja hakina pa kujificha. Kivuli ndicho rangi yake: shimo likichimbwa kina cha kutosha, linakuwa jeusi lenyewe, ukingo ukinolewa, unang'aa wenyewe. Naviweka dirishani saa kumi na moja jioni, mwanga unapokuja kwa ubavu, na kila mstari unasimama.

Ila siviachi hapo, kwa sababu jua ni adui wao, na joto la Dar es Salaam ni adui wa pili. Plastiki hii kwa asili ni ngumu. Hulainishwa kwa aina ya mafuta yanayochanganywa ndani yake, na miaka ikipita mafuta hayo hutoka taratibu. Nilipoanza niliviweka vyote pamoja kwenye kasha la plastiki ngumu, nikalifunga, nikaliweka juu ya kabati. Baada ya misimu miwili ya joto nilivikuta vinanata, na viwili vilikuwa vimeyeyusha sakafu ya kasha na kuzama humo kama miguu kwenye tope. Viwili hivyo sikuviokoa. Vingine niliviosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, nikavikausha kivulini, na sasa kila kimoja kimefungwa kwenye karatasi yake, ndani ya sanduku la mbao lenye nafasi ya hewa. Pembe iliyopinda hurudi ukiitia kwenye maji ya moto kwa sekunde chache, ukainyoosha kwa vidole, kisha ukaichovya kwenye maji baridi. Usiisukume ikiwa baridi, na usiguse thina.

Kuhusu kuvipata sina mengi. Tokyo leo, huko Ikebukuro, kuna duka lenye mashine zaidi ya 3,000 za matufe, lililofunguliwa mwaka 2021, na vijiroboti vya zamani huuzwa kwa wauza vitu vilivyotumika, mara nyingi kwa mafungu ndani ya mfuko. Cha kwanza nililetewa na ndugu aliyerudi kutoka masomoni. Vilivyofuata nimevitafuta mwenyewe, kimojakimoja. Sikimbilii kilicho adimu. Uadimu ni bahati ya mashine na wingi wa watoto waliopoteza vyao; haumwambii mtu lolote kuhusu mkono uliochonga. Nina kijiroboti ambacho kila mkusanyaji anacho mara tatu, na sijaona bega lililokatwa vizuri kama lake.

Ukikutana na kimoja, mahali popote, kipindue utazame nyayo na mgongo kwa kioo. Utakuta herufi ndogo mno zilizochimbwa: jina la kampuni, alama ya haki za wenye katuni, pengine na nchi kilikotengenezwa. Nimevikagua vyote nilivyo navyo, 63. Jina la mchongaji halimo hata kwenye kimoja.