Uaminifu kwa Nani? Tippu Tip, Mabepari wa Venisi na Ufundishaji wa Maadili

Katika ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili shuleni, maadili hutafutwa zaidi katika kipengele cha ujumbe. Mwanafunzi huorodhesha dhamira, kisha chini ya kila dhamira huandika funzo: tuwe waaminifu, tuwe wavumilivu, tuwe na huruma. Utaratibu huu una faida, kwani humzoesha kuona kwamba fasihi ina neno la kusema juu ya maisha. Udhaifu wake ni kuichukulia kila fadhila kana kwamba ina maana ileile popote itajwapo, bila kuuliza ni nani anayetendewa na ni nani anayeachwa nje. Makala haya yanadai kwamba swali hilo ndilo kiini cha elimu ya maadili kwa njia ya fasihi. Hoja inajengwa kwa kulinganisha matini mbili zenye uhusiano na Tabora: Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, na Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Julius Nyerere.

Tabora ilikuwa kituo kikuu katika njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Baba yake Tippu Tip, Muhammed bin Juma, alifanya makazi huko Unyanyembe na kumwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Katika mji huohuo, miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha shule iliyokusudiwa hasa kuwaandaa wana wa watemi kwa uongozi. Nyerere alisoma hapo kuanzia mwaka 1937, na baadaye akafundisha katika shule ya Mtakatifu Maria mjini humo kabla ya kwenda Edinburgh mwaka 1949. Mji huu, basi, umepitiwa na malezi ya aina mbili: ya msafara na ya darasa.

Tawasifu ya Tippu Tip iliandikwa kwa hati za Kiarabu mwishoni mwa maisha yake, na Heinrich Brode akaichapisha kwa hati za Kirumi pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903. Usimulizi wake ni wa matukio yanayofuatana kwa kasi: mali, deni, safari, vita, pembe. Msimulizi hajihukumu. Kwa kigezo cha orodha ya ujumbe, mhusika huyu angepata sifa nyingi: ni jasiri, ni mstahimilivu, ana akili ya haraka, na anajali jina lake mbele ya wakopeshaji wa Unguja, akiwemo Taria Topan.

Matukio mawili yanatosha kuonesha tatizo la orodha hiyo. La kwanza ni la Uzaramo. Wapagazi aliowaajiri walipotoroka, Tippu Tip alirudi vijijini mwao, akawakamata watu, wakiwemo jamaa zao, akawafunga minyororo, na safari ikaendelea. Kutokana na tukio hilo, anasimulia, alipewa jina la Kingugwa, yaani chui, mnyama ashambuliaye huku na huku. La pili ni la Utetera, ambako alijidai kuwa wa ukoo wa mtawala Kasongo Rushie kupitia kwa bibi aliyechukuliwa mateka zamani, na kwa hadithi hiyo akakabidhiwa utawala. Uongo huo unasimuliwa kama ushahidi wa akili, na minyororo kama ushahidi wa uthabiti. Ahadi kwa mkopeshaji inatimizwa kwa gharama ya mtu ambaye hakukopa chochote.

Ukimya huu ni sehemu ya umbo la matini. Nafsi ya kwanza inamiliki sauti, na watu wanaobeba mizigo huonekana zaidi kama idadi. Lakini wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa kwa sehemu kubwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, na kwao uaminifu wa kiongozi wa msafara ungepimwa kwa posho na malipo. Msomaji anayeuliza uaminifu huo ni kwa nani huanza kuisikia matini nyingine ndani ya ile iliyoandikwa.

Mabepari wa Venisi, iliyotoka mwaka 1969, inaelekea upande mwingine. Tippu Tip hahukumu kabisa. Nyerere anahukumu tangu kwenye jalada. Neno bepari, lenye asili ya Kihindi, lilimaanisha mfanyabiashara kabla ya kukazwa kwa maana ya mwenye mtaji anayenyonya, na miaka miwili baada ya Azimio la Arusha maana hiyo ya pili isingeweza kukwepwa. La muhimu zaidi ni wingi wake. Shakespeare anamtaja mfanyabiashara mmoja. Nyerere anawataja wengi. Kwa wingi huo lawama haimwangukii Shylock peke yake, bali Antonio na wenzake pia.

Tamthiliya yenyewe inaiunga mkono hukumu hiyo. Katika onyesho la mahakama, Shylock anawakumbusha wakuu wa Venisi kwamba nao wana watumwa waliowanunua, na kwamba hawaoni haja ya kuwaacha huru. Hakuna anayemjibu. Huruma inayohubiriwa baadaye kwa ufasaha inamhusu Antonio. Haiwafikii watumwa hao. Darasa linaloandika “huruma” chini ya ujumbe na kuishia hapo limeupita mstari mzito kuliko yote.

Yaweza kusemwa kwamba mwanafunzi anahitaji vielelezo vya wazi, na kwamba maswali ya namna hii humfundisha shaka badala ya maadili. Pingamizi hili lina uzito kwa madarasa ya chini, ambako mazoea ya wema hutangulia hoja. Kwa kidato cha tano na cha sita halitoshi. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Nyerere aliilaumu elimu ya kikoloni kwa kukuza ubinafsi, akataka shule iwe jumuiya ambamo ushirikiano unatendwa. Orodha ya mafunzo hairuhusu tendo. Humtaka mwanafunzi akubali tu. Kumweka katika nafasi ya mpagazi wa Uzaramo na kumtaka aipime fadhila ya bwana wa msafara ni zoezi la kuamua, na maadili yasiyozoeshwa kuamua hubaki maneno.

Mabadiliko yanayohitajika hayadai mtaala mpya. Yanadai swali la mtihani libadilike: badala ya “Eleza sifa tano za mhusika mkuu,” liulizwe, “Chagua fadhila moja ya mhusika mkuu, kisha eleza ni nani aliyeilipia gharama.” Kwa mwanafunzi wa Tabora, ambaye huenda mababu zake walibeba, walifanya biashara au walifungwa katika njia hiyohiyo, jibu la swali hilo linamgusa mwenyewe.